Meno ya Mume Wangu, Jina la Shemeji

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kwa jambo ambalo hata padre sijamwambia. Mume wangu Kalisti mwaka wa tatu huu hajarudi kutoka mgodini Geita, nami kwa hasira nikatangaza kisimani kwamba amenitoroka na mwanamke wa Nkome, kumbe juzi wamefukua shimo la zamani lililoporomoka wakakuta mifupa, na daktari akalinganisha taya na kadi anazoandika akiwang'oa wafanyakazi meno, pengo kwa pengo, hadi moja ikalingana kabisa, ndipo karani wa mgodi akaja kutupa pole kwa kifo cha Pantaleo, mdogo wa mume wangu, naye Pantaleo ameketi mlangoni anatafuna mahindi ya kuchoma! Watu walicheka, wakasema, "Daktari huyu anasoma meno kama mganga na matumbo ya kuku!" Mimi sikucheka, kwa sababu Kalisti aliandikwa kazi kwa kipande cha Pantaleo, kile cheti cha kazi chenye jina, maana chake kiliharibika alipotoroka shamba la mkonge, na karani alitaja jino moja la mbele lililopanda jingine, na jino hilo, mshauri, ndilo nililolipenda kila alipocheka. Pantaleo ananisihi ninyamaze asije akafungwa kwa kuazimisha kipande. Karani anarudi Jumamosi, na asipopata jina jingine mifupa itafukiwa kwa jina lililo kwenye kadi. Nifanyeje?

Mama Telesphori, Ushirombo


Marahaba, Mama Telesphori, na pole sana. Majina yenu nimeyabadili. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimejikuta napitisha ulimi kwenye meno yangu. Miaka mitatu chini ya mawe, na kinywa bado kinamtaja mwenyewe! Nimestaajabu, sikufichi.

Daktari hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mumeo aliyeazima jina, na wewe uliyemzushia mwanamke wakati mwenzio alikuwa kazini. Uchungu ulikutuma, najua, lakini kisima kile kile ulikomchafua kitakusikia ukimsafisha.

Usingoje Jumamosi. Mwone padre kesho, umwombe afuatane nanyi Geita. Pantaleo aende, afungue kinywa mbele ya daktari, aonekane ni mtu mwingine. Akiogopa, mwulize kama anataka jina lake liandikwe msalabani naye angali anakula mahindi. Huenda akafokewa. Avumilie.

Nawe ukifika, usisubiri kusomewa. Karani hakusema lile jino liko upande gani, ila wewe unajua. Litaje kabla daktari hajaifunua kadi. Kisha mchukue mumeo, ukamzike kwa jina lake.