Bakuli la Mgeni wa Jioni

Jumanne, 4 Machi
Presha ya Baba haijashuka. Daktari wa hospitali ya Kabanga kasema asubuhi: moyo umeanza kutanuka, dawa peke yake haitoshi. Chumvi iondoke kwenye chakula, mawese yapungue. La sivyo, kiharusi kiko karibu. Mama kaapa kwamba maharage ya Baba anayapika bila chumvi. Namwamini. Basi chumvi inatoka wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Makere, nyumbani. Nimeiona. Jioni huja Mzee Melkiori, jirani. Alikimbia Burundi akiwa kijana, alilima tumbaku na Baba, sasa ni mjane. Wanakula ugali sahani moja miaka yote. Mgeni hawezi kupewa chakula chapwa, kwa hiyo Mama anamwekea samaki, migebuka ya chumvi, imeungwa kwa mawese. Baba anasogeza maharage yake pembeni, anachovya kwa mgeni. Mama anatazama ukuta. Hakuna aliyemwambia mzee wa watu. Hata mimi nimenyamaza. Aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Melkiori, njiani, akirudi kwake. Bila kuzunguka. Akanigeukia. "Na ninyi mkakaa mnanitazama nikimlisha ugonjwa?" Akaenda.

Jumatatu, 10 Machi
Kibondo, kazini. Habari ya mgao wa chakula kambi ya wakimbizi ya Nduta nimeituma gazetini mchana. Kisha simu ya Mama: Melkiori hajaonekana tangu Ijumaa. Baba anarudisha sahani ikiwa haijaguswa. Vidonge hataki, anasema havinywewi tumbo likiwa tupu. Nilitaka kumponya, nimemnyima mtu wa kula naye. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Makere. Giza lilipoanza kuingia Melkiori kaja na sufuria yake. Maharage na mchicha, tangawizi, ndimu. Chumvi hakuna.
"Mugenzi, rafiki yangu, ulidhani nimekufa?" akamwuliza Baba.
"Nilidhani umeoa."
Baba akaonja. Akatafuna taratibu. "Sasa nimejua kwa nini ulikuwa unakula kwangu."
Melkiori akacheka, akamega tonge. Wakala mpaka sufuria ikaisha. Baba akaomba vidonge mwenyewe.
Migebuka Mama alikuwa ameshaipika. Nimeila mimi, jikoni.

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Baba kalala vizuri. Kliniki ni Jumanne, 1 Aprili. Melkiori anasema twende wote. Naye hajawahi kupimwa presha.