Sufuria Arobaini na Nane

Jumatatu, 3 Novemba

Vifurushi tisa leo. Nimefunga, nimeandika majina, binti yangu Nkwimba amepeleka stendi. Kazi yangu ni hiyo tu, kufunga na kuandika. Mwanangu anasema wateja wanasifu mwandiko. Miaka thelathini ya chaki imenisaidia hapo.

Duka letu halina mlango wa wateja. Limo ndani ya simu ya Nkwimba. Anapiga picha vyombo, anaviweka, watu wa Segese na Geita wanaagiza, basi linapeleka. Hapa Kahama tuna stoo, na nyuma yake vyumba viwili. Kimoja chake, kingine changu.

Mwenye nyumba amepita asubuhi. Mkataba unaisha tarehe 30. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, laki saba na ishirini, la sivyo anampa mtu wa vipuri vya pikipiki. Fedha yetu yote imeegemea ukuta wa stoo: sufuria kubwa arobaini na nane, za kupikia umati. Nkwimba alizinunua kwa ajili ya harusi za baada ya mavuno. Mavuno yalikuwa mabovu. Harusi zikaahirishwa.

Tukishindwa, yeye anakwenda machimboni Geita kuuzia chini ya turubai. Mimi napelekwa Samuye kwa kaka yake. Wameshazungumza. Sikuulizwa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefunga sanduku la vitabu kwa kamba ya katani. Mapema, najua. Lakini mara ya kwanza nilihamishwa kwa haraka, nikaacha vitabu viwili na picha ya mama yangu. Kijiji kile hakipo tena. Penye darasa langu sasa pana shimo la mgodi. Mara ya pili ilikuwa nyumba ya walimu, nilipostaafu. Hii itakuwa ya tatu. Sina nguvu ya ya tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nkwimba ametangaza punguzo. Asilimia thelathini, hotpoti zote, na usafiri juu yetu. Simu haijanyamaza. Oda kumi na tisa kabla ya adhuhuri. Vidole vinauma kwa kufunga. Mwanangu anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mumewe afariki.

Ijumaa, 7 Novemba

Oda zimefika arobaini na moja. Hotpoti zimekwisha. Sufuria hazijaguswa hata moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda kwa Bwana Kanti, muuzaji wa jumla. Babu yake aliuza vitambaa kwenye duka hilohilo. Kisukuma chake ni safi kuliko cha vijana wa mjini.

"Mwangaluka, Mwalimu! Siku hizi mimi ni mteja wenu."

Nikacheka. Akaingia ndani, akarudi na hotpoti. Kumi na mbili, bado zimo kwenye karatasi. Mwandiko wangu. Mpwa wake wa Segese ndiye aliyeagiza, na jina lake nililiandika mimi mwenyewe, kwa herufi nzuri.

"Binti yako anauza chini ya bei ninayomuuzia. Nikatae? Zimekwenda Segese kutembea, zimerudi nyumbani. Tena kwa nauli yenu."

Wapagazi walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 9 Novemba

Nimefanya hesabu mbele ya Nkwimba. Hotpoti tunainunua elfu ishirini. Aliongeza asilimia thelathini, ikawa elfu ishirini na sita. Sasa akapunguza asilimia thelathini, akaamini amerudi pale alipoanzia. Hakurudi. Thelathini ya ishirini na sita ni kubwa kuliko thelathini ya ishirini. Ameuza kumi na nane na mia mbili. Kila hotpoti imeondoka na elfu moja na mia nane yetu, na nauli elfu tatu juu yake. Kadiri watu walivyotupenda ndivyo tulivyokufa.

Karibu laki mbili zimekwenda.

Kosa hili nililisahihisha kwa wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka. La mwanangu nililifunga kwa karatasi na gundi, nikalipeleka stendi. Sikutazama bei. Nilikuwa natazama mwandiko.

Hakulia. Alisema tu, "Baba, ungeniambia." Afadhali angelia.

Jumatano, 12 Novemba

Mbaya zaidi. Wateja wanaandika: mtashusha tena lini? Tumewafundisha kungoja. Mwanamke wa Geita, aliyekuwa ananunua kila mwezi bila neno, anauliza kama vyombo vyetu vina kasoro. Mwingine kasikia duka linakufa.

Oda leo: hakuna.

Alhamisi, 13 Novemba

Sokoni. Nimenunua mchele kilo mbili. Muuzaji amepima sawasawa, kisha akachota kiganja kimoja akatupia juu. Nyongeza. Nimesimama pale kama mjinga hadi akaniuliza kama chenji imepungua.

Bei yake hakuigusa. Kiganja kile ni kama shilingi mia. Nami nimeondoka nikijiona nimependelewa.

Nimekaa na kalamu jioni nzima. Kinachouzika chenyewe kisipunguzwe. Kilichokwama ndicho kisaidiwe. Sufuria tumeinunua elfu thelathini na nane, tunaiuza hamsini na mbili. Nikipunguza elfu tisa, mteja anaona tisa, nami napoteza tisa. Lakini mfuniko wake kwa Kanti ni elfu tano, na dukani unauzwa tisa. Nikimpa mfuniko, anapata tisa, mimi natoa tano. Elfu nne zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kununua jumla.

Na nauli. Kifurushi kimoja kwenda Segese ni elfu tatu, furushi kubwa la sufuria nne zilizopachikana ni elfu tano. Basi tusiuze moja moja. Anayechukua nne ndiye tumlipie nauli. Na tukitaja siku ya mwisho, iwe ya mwisho kweli.

Nkwimba kasoma. Kauliza swali moja tu: nani anahitaji sufuria nne za kupikia umati?

Nikarudi kwenye kalamu. Baadaye jibu nikalipata, nikaona aibu kulisema.

Jumapili, 16 Novemba

Jibu ni sisi wenyewe. Watu wa kijiji changu cha zamani. Mgodi ulitutawanya, lakini kikundi chetu cha kuzikana hakikufa, kilihamia kwenye simu. Akifariki mtu, katibu Masanja anatangaza, tunachanga, wa karibu wanakwenda. Sufuria za kikundi zilipotea wakati wa kuhama. Tangu hapo tunaazima kwa majirani wasiotujua.

Nimeandika tangazo. Limekaa vizuri. Kesho asubuhi nalituma.

Jumatatu, 17 Novemba

Sijui niandike vipi.

Umeme ulikatika usiku, simu ikazima. Asubuhi nimeiwasha, nikatuma kabla sijasoma kitu. Sufuria nne, mifuniko bure, nauli juu yetu, mwisho Jumapili. Mstari wa mwisho niliupenda sana jana: Msingoje siku ya kuzihitaji.

Ndipo nikaona ujumbe wa juu. Alfajiri Masanja alikuwa ametangaza kifo cha Mayu Holo, huko Segese. Mayu Holo, mama aliyekuwa akiishi mkabala na shule. Aliyenipikia ugali wiki nzima nilipofiwa na mke.

Masanja: "Mwalimu, tumzike kwanza."

Mwingine: "Na jeneza mnatoa punguzo?"

Nimefuta. Wote walikuwa wameshasoma.

Jumanne, 18 Novemba

Sijala. Nkwimba anasema niombe radhi kwenye simu. Simu ndiyo iliyoniponza. Nitakwenda kwa miguu yangu, na siendi mikono mitupu. Nachukua sufuria nne na mifuniko yake wakapikie.

Tumegombana. Mara ya kwanza miaka mingi.

"Baba, ikishaingia masizi si mpya tena. Nani atainunua?"

"Siziuzi. Naazimisha."

"Tumebakiza siku kumi na mbili, unaazimisha?"

Ana haki. Nimezifunga hivyo hivyo. Safari hii sikuandika jina juu.

Jumatano, 19 Novemba

Segese. Vumbi, malori ya mgodi, kisha ua wa marehemu umejaa watu. Nilishusha sufuria peke yangu. Shikamoo zangu kwa wakubwa ziliitikiwa kwa ufupi. Vijana hawakuniamkia kabisa.

Mzee mmoja kwenye benchi: "Mwalimu, leo asilimia ngapi?"

Watu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Nikasema, "Leo za kuazima." Hapo hakucheka mtu. Akasogea, nikakaa.

Mama Ng'wasi, msimamizi wa wapishi, aliipiga sufuria moja kitakoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akayatupa mawe matatu ya zamani na kupanga makubwa. Walipika kutwa. Kaburi nililifikia mwisho, nikatupia udongo wangu. Tulimzika mbali na mumewe. Mumewe yuko kule lilipo shimo, au mahali walipohamishia mifupa. Hatuna hakika. Hilo huwa hatulisemi, na leo pia hatukulisema.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimelala kwa Masanja. Asubuhi Mama Ng'wasi ameleta sufuria. Zimesuguliwa kwa mchanga ndani ziking'aa, nje nyeusi tii.

"Hazikuunguza hata upande mmoja. Bei gani?"

"Mama, nilikuja kuzika."

"Tumeshazika. Bei gani?"

Nikamwambia. Hamsini na mbili. Nikangoja adai asilimia thelathini. Aligeuza sufuria, akaitazama kitakoni.

"Na nyongeza?"

"Mfuniko."

"Haya. Hapo umesema kitu. Tutachanga."

Sikutaja asilimia. Sikutaja mwisho Jumapili. Masanja aliniuliza tu kama nitaendelea kuwaandikia barua za kikundi, maana mwandiko wake hausomeki. Nadhani huo ndio ulikuwa msamaha wao.

Nimerudi Kahama na sufuria zote nne. Hawajalipa kitu. Ahadi ni maneno. Zimebaki siku kumi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nkwimba bado amenuna kwa ile safari. Lakini nimemkuta uani ameipanga sufuria yenye masizi juu ya mawe, anaipiga picha. Nikamuuliza kwa nini asipige mpya. Akasema mpya zote zinafanana.

Chini ya picha ameandika: Imeshapika, haikuunguza. Bei ni moja, mfuniko juu yetu, wanaochukua nne tunawalipia nauli. Ameniletea nikague hesabu kabla ya kutuma. Nimekagua mara tatu. Ni sahihi.

Jumatatu, 24 Novemba

Hakuna oda. Mwenye nyumba amekuja na yule mtu wa vipuri. Wamepima stoo kwa futi kamba, wamepima na chumba changu. Nilikuwa nimekaa kitandani. Waliniomba ninyanyue miguu.

Jumatano, 26 Novemba

Kikundi chetu kimelipa. Sufuria nane. Mama Ng'wasi ameagiza zile nne za masizi ziwemo, tena kwa bei ileile. "Hizo zinatujua," amesema.

Ijumaa, 28 Novemba

Hatukufikiria hili: kila kijiji kilichohamishwa kina kikundi chake. Wa upande wa pili wa mgodi wamechukua kumi na mbili. Kikundi cha wanawake Geita, nane. Kanisa moja, nne. Kanti ameishiwa mifuniko, kaagiza Mwanza. Anataka kujua tunampunguzia nani. Nimemjibu hatumpunguzii mtu. Hakuniamini.

Thelathini na mbili zimetoka. Zimebaki kumi na sita. Nkwimba anataka kuzimalizia kwa asilimia kumi. Ameniangalia, akacheka mwenyewe, akaacha.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ya kwanza ya kweli.

Kodi imelipwa, miezi sita. Mtaji umeliwa karibu robo, na Mei tutakuwa hapahapa tukijiuliza upya. Nkwimba amelala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Nimefungua sanduku la vitabu. Nimevipanga dirishani palipo pakavu. Kamba nimeikunja, nimeiweka chini ya godoro.