Kwa Kaka Swedi, Aliyemkataza Mbwa Kunguruma

Kaka Swedi,

Sikuandikii kukuuliza hali. Hali yako naijua. Watu wanaoshuka boti hapa Uvira wakitoka Kalemie wananiletea habari zako bila kuulizwa: umenenepa, umenunua miwani ya jua, na siku hizi unaitwa mwalimu wa mbwa. Wenye depo, yale maghala ya bidhaa, wanakuletea watoto wa mbwa uwafanye wakali, nawe unawapokea kwa bashasha. Hiyo habari ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Na barua hii siitii ndani ya bahasha. Nataka isomwe na kila mtu anayekusalimia huko.

Kabla sijakupaka matope nitakutendea haki kidogo, maana uliwahi kuwa kaka mzuri. Unakumbuka tulipokuwa bado tunakaa Mulongwe, mto ukatuingilia mpaka chumbani? Ulinibeba mgongoni, maji yamekufika kifuani, ukinifokea nisikubane shingo. Ukarudi kumchukua Mama. Halafu ukarudi tena, watu wote wakikukataza, kuchukua cherehani yake, kwa sababu Baba alikuwa ameshafariki na cherehani ile ndiyo iliyokuwa inatulisha. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hiyo kwa majivuno. Sasa nikiisimulia naishia katikati.

Unawakumbuka na mbwa wa ufukweni, pale wavuvi wanapoanika ndagala? Watoto wengine waliwatupia mawe. Wewe ulichuchumaa na kichwa cha samaki mkononi, ukageuza uso pembeni, ukasubiri. Nilikuuliza kwa nini huwaangalii.

"Ukiiangalia macho kwa macho, inafikiri uko nataka vita," ukaniambia. "Iache ikuje yenyewe."

Nao walikuja, mmoja mmoja, mikia chini, wakala mkononi mwako. Ulikuwa mtoto wa shule ya msingi na ulikuwa unajua mbwa kuliko watu wazima wa mtaa mzima. Hapo ndipo nilipokukamata, kaka. Huwezi kuniambia hukujua.

Najua ni nini kilikubadilisha. Tulishahamia Kilibula, ukafungua duka lako la vitenge sokoni, na wezi wakalivunja wakalikomba lote. Waliokuvika kilemba jana wakaanza kukucheka. Ulikaa uani siku nyingi bila kusema na mtu, na mimi nilikupikia, nikakuonea huruma. Kisha siku moja ukaingia na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni, mwekundu, tumbo limejaa minyoo, ukasema jina lake ni Tigre na kwamba hakuna mwizi atakayekucheka tena.

Ukamkata masikio kwa wembe. Ukamfungia mchana kutwa ndani ya kreti uliyoizungushia gunia ili asione mwanga. Ukamchanganyia pilipili kwenye ugali. Mama, ambaye tangu utotoni alifundishwa kutoguswa na mate ya mbwa na alimwekea Tigre sahani yake mbali kabisa na vyombo vyetu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtetea.

"Swedi, mwanangu, hii imbwa tangu asubuhi haijaona jua. Iko natetemeka."

"Mama, minye sitafuti imbwa ya kubembeleza. Imbwa yenye kuona watu kila siku inazoea watu. Na mwizi naye si iko muntu?"

Tulicheka. Ulikuwa unajua kusema, hilo sikunyimi.

Sasa nifike kwa binti yangu. Aziza alikuwa na miaka mitano na alikuwa amekuganda wewe kuliko mimi. Mjomba amlishe, mjomba amfunge viatu, mjomba amnunulie andazi la beignet asubuhi. Siku moja alipita karibu na sahani ya Tigre wakati anakula, na Tigre akanguruma. Hakuruka, hakufungua mdomo. Alinguruma tu, kidogo, na Aziza akarudi nyuma. Hapakuwa na neno. Mbwa alisema, mtoto akasikia, kila mmoja akaendelea na shughuli yake.

Wewe ukatoka ndani na mkanda wa mpira wa gari, ukampiga mpaka akajikojolea. Ukasema mbwa hawezi kumngurumia mtoto wa nyumba. Kesho yake akanguruma tena, ukampiga tena. Ukaifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo hukuwahi kuionyesha dukani, mpaka siku moja akanyamaza. Ukawaita rafiki zako waje kutazama. Ulitia mkono wako ndani ya sahani yake, anakula, na hakutoa sauti.

"Muone sasa! Iko na heshima."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona kile ambacho wewe ulikuwa unakiona pia: mwili umekakamaa kama ubao, kichwa kimeinama juu ya chakula bila kutafuna, weupe wa macho umetokeza pembeni. Nikakuambia, mbele yao, "Kaka, ile haiko heshima. Iko naogopa."

"Weye unajua nini ya imbwa? Rudia sufuria zako."

Wakacheka wote. Kicheko kile nimekitunza, kaka. Sikukitunza kwa wema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa za asubuhi, jua limeshapanda. Ulimtoa Tigre kwenye kreti ili umwonyeshe mtu aliyekuwa njiani kuja kununua mbwa kama yeye, kisha simu yako ikalia, ukatoka barabarani kuongea, ukamwacha hajafungwa, chakula mbele yake. Kikombe cha Aziza kikabingirika hadi karibu na sahani. Mtoto akainama kukiokota. Nilikuwa nafua umbali wa hatua chache na masikio yangu ni mazima. Sikusikia kitu. Hapakuwa na onyo lolote, maana onyo ulikuwa umelipiga mpaka likafa. Nilichosikia ni kilio cha mwanangu, na nilipofika shavu lake lilikuwa wazi kuanzia chini ya jicho hadi pembeni mwa mdomo.

Ulirudi mbio. Ulitazama. Halafu ukasema maneno ambayo Mama hajaacha kuyarudia mpaka leo: "Muiue, mambo iishe." Ukaingia chumbani kwako, ukatoka na mfuko. Ulisema una mzigo wa haraka bandarini. Sisi tulikwenda hospitali na wewe ukaingia mitini. Wakati wanamsafisha jeraha, Aziza hakuniita mimi. Aliita mjomba, mjomba, na muuguzi akaniuliza huyo mjomba yuko wapi.

Muuguzi huyohuyo akauliza kama mbwa alichanjwa dhidi ya kichaa. Mama akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo, Swedi mwenyewe alisema imbwa ilichomwa sindano. Nilikupigia simu ili nithibitishe. Ukakata. Nikapiga tena, ukazima. Ulipokea kesho yake, uko Kalemie tayari, na nilipokuuliza ukaniambia, "Nilisemaka vile juu Mama asiogope."

Kaka, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Ulijua. Uliniachia mtoto katika hali hiyo na uongo juu yake.

Chanjo ya kumkinga Aziza kabla dalili hazijaanza haikupatikana Uvira siku hizo. Jamaa za Mama waliitafuta ng'ambo, Bujumbura, ikafika tukiwa roho mkononi. Na huku nyumbani vijana wa mtaa walikuja na fimbo na mapanga kutimiza agizo lako. Nusura niwafungulie. Nilitaka afe, nilitaka nimshikie mimi mwenyewe. Aliyenizuia ni daktari wa mifugo ambaye hospitali ilimtuma, mama mmoja kutoka kwa wafugaji wa bonde la Ruzizi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Imbwa ikikufa leo, nani atatuambia kama ilikuwa na ugonjwa?" akawauliza. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, uifunge vizuri, uiangalie siku kumi. Kama iko nakula na iko nakunywa mpaka mwisho, hata weye utalala."

Basi nikapiga moyo konde. Nilimfunga kwa mnyororo nyuma ya nyumba, nikawa nampelekea chakula mbwa aliyemrarua mwanangu, nikikisukuma kwa ufito. Kila asubuhi nilisimama kumtazama akinywa maji. Sijawahi kumwomba Mungu jambo kwa nguvu kama nilivyomwomba kwamba mbwa yule apige funda moja zaidi. Nilimchukia na nilimwombea uzima kwa pumzi moja. Wewe wakati huo, nasikia, ulikuwa unakula samaki wa kuchoma, migebuka, huko Kalemie.

Na kwa kuwa nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama mnyama yeyote, nilianza kumsoma. Daktari alinisaidia. Mbwa anayepiga miayo na hana usingizi amebanwa na jambo. Anayejilamba pua na hakuna chakula, vilevile. Akikugeuzia kichwa pembeni anakuomba msifike kwenye ugomvi, kama vile wewe ulivyokuwa unawageuzia uso mbwa wa ufukweni. Usipomwelewa anakakamaa. Usipomwelewa bado, ananguruma. Kunguruma ni adabu, Swedi! Ni mbwa kubisha hodi kabla ya kuingia. Ukimchapa kwa kubisha hodi hujamwondolea hofu yake hata chembe. Umemfundisha kuingia bila hodi.

Hakuwa na kichaa. Aziza alipona, lakini kovu analo, na shuleni wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Hujifunika shavu kwa mtandio hata akiwa nyumbani. Amewahi kuniuliza kama mjomba aliondoka kwa sababu amekuwa mbaya wa sura. Soma sentensi hiyo tena, halafu uendelee.

Tigre bado yuko kwetu. Daktari alimchoma chanjo mbele ya macho yangu, na ikifika tena zamu yake nitampeleka mwenyewe. Nimemjengea uzio wake wa mabati na waya, wenye jua na kivuli. Anakula peke yake, na mpaka amalize hakuna mtoto anayevuka pale. Kila alfajiri namtembeza kwa kamba kuelekea milimani, na majirani wananitania, "Mama Aziza na bwana yake wa miguu mine." Acha waseme. Mama bado analalamika kuhusu mate, lakini vichwa vya samaki anamfichia.

Majuzi fundi aliyekuja kutengeneza bati alipita karibu na sahani yake, na Tigre akanguruma. Mama akadaka jembe. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia fundi arudi nyuma hatua mbili. Akarudi. Tigre akainamisha kichwa akaendelea kula. Sauti ile niliitafuta kwa miezi mingi, na hukuwepo kuisikia, na nafurahi kwamba hukuwepo.

Ndipo ikaja audio yako kwa Mama. Ulisalimia, ukacheka, ukasema unakuja Idi. Kisha: "Muambie Mama Aziza anitayarishie imbwa yangu. Iko mukubwa mumoja wa depo huku anaitaka." Niliisikiliza yote nikingoja jina la mwanangu. Halikutajwa.

Mbwa humpati. Mama atakufungulia mlango, wewe ni mwanawe na mimi sina uwezo juu ya hilo. Utakula pilau, utalala chumbani kwako. Lakini ukimgusa Tigre nitawaita wazee wa msikiti na chefu, mkuu wa mtaa, wakae uani, na utawaeleza wote ile sindano ulimchoma lini. Wala usidhani nitangoja Idi. Unaharibu mbwa wengine huko kwa mkanda uleule, unawarudisha kimya kwenye nyumba zenye watoto, na watu wanakushukuru. Hilo limekwisha.

Juzi niliweka sauti yangu kwenye kundi la watu wa Uvira wanaoishi Kalemie. Nilieleza yote, kuanzia kreti hadi uongo wako. Aziza mwenyewe aliondoa mtandio na kuniambia nipige picha, nami nikaipeleka. Kama simu yako imekuwa kimya tangu juzi, sasa unajua sababu.

Jana akanipigia mwanamke ambaye simfahamu. Ana depo ya saruji huko na anakaa na wajukuu wawili. "Imbwa yangu tangu itoke kwa Swedi iko kimya sana," akasema. "Nilikuwa nafikiri ni uzuri." Nikamwambia awatenge watoto siku hiyohiyo, amlishe mbwa peke yake, asimpige wala asimuue, amwite daktari wa mifugo. Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza wewe anakupata wapi.

Nikamwambia: kila siku baada ya alasiri, kwa muuza chai wa karibu na bandari, kiti cha ukutani, miwani usoni.

Akauliza kama wewe ni mtu wa kusimama ujibu au mtu wa kukimbia. Nikamwambia utakimbia. Nikamshauri aje na wanawe wakubwa, na wakae upande wa maboti.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mama Aziza