Nimemshinda Dada Hesabu ya Gesi, Sasa Ubao Uko Nyuma ya Kabati

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, ila kwanza ujue unaandikiwa na bingwa wa gesi wa dunia nzima, na kama yupo mwingine basi amejificha. Shule niliiacha kidato cha pili, sasa naziba pancha na kujaza upepo, na jioni nasoma sebuleni kwa dada yangu, anayewafundisha kemia watahiniwa wanane, mimi wa tisa, na mtihani ni baada ya siku kumi. Jumatatu dada akaandika ubaoni: gesi imo ndani ya chombo kilichofungwa, presha ni angahewa tatu, joto linapanda kutoka nyuzi 27 hadi 54, presha mpya ni ngapi? Akajibu mwenyewe, sita, eti joto limekuwa mara mbili, na wote wakanakili kama kasuku. Nikapanda juu ya kigoda.

"Dada, futa hiyo! Ingekuwa hivyo, kila tairi lingenipasukia juani kabla ya saa sita!"

"Haya, fundi pancha, njoo utufundishe."

Basi nikaja! Nikajumlisha 273 kwenye kila joto, nyuzi za Selsiasi ziwe kelvini, nikapata 300 na 327, nikazidisha, nikagawanya, tatu nukta mbili saba, wakapiga meza, wakanibeba mabegani hadi mlangoni, nami huko juu nikampachika dada jina la Profesa Sita, wakalidaka. Tangu hapo ubao uko nyuma ya kabati. Dada anawaambia, "Si mna bingwa? Mwendeeni." Wananijia kweli, na mimi naijua hesabu hiyo moja tu. Nifanyeje? Halafu, mshauri, usimwambie mtu: hiyo 273 ni yeye aliyenifundisha, wiki iliyotangulia, akarudia mara nne huku amembeba mwanawe mgonjwa, na Jumatatu hiyo alikuwa hajalala.

Bingwa wa Upepo

Bingwa, hesabu yako nimeipiga mwenyewe, ni safi, hongera! Kukataa sita ulifanya vyema, maana wale wanane wangeibeba hadi kwenye mtihani. Lakini kumcheka mtu aliyechoka kwa jambo alilokufundisha yeye, kisha ukanyamaza wakati wa kushangiliwa? Huoni haya? Leo ukitoka kazini, nawa grisi, waite wote wanane, uwaambie mbele ya dada ulikoipata 273. Jina ulilompachika liondoe kwa mdomo ule ule. Kisha mchukue mpwa wako, ukae naye nje mpaka kipindi kiishe. Dada atakukaripia, pokea, usijibu. Siku kumi zinatosha. Akishika chaki tena, mtafaulu wote tisa.