Mkwe Amekalia Stuli Yangu

Mpendwa Mama Koleta, shikamoo.

Nahitaji msaada wako na nauhitaji upesi, lakini kwanza ujue unaongea na nani, maana wengi unaowajibu humo gazetini ni watu waliochanganyikiwa, na mimi sikuchanganyikiwa, nimeonewa tu. Naitwa Novatus, kijana wa hapa kwenye shamba la mkonge chini ya Same, kazi yangu ni kuhesabu mafungu ya majani ya mkonge, shule niliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu hakupenda kusahihishwa, na Kiingereza ninacho cha kumsalimia mtu na cha kumuaga, hapo katikati natumia mikono.

Mama, nina mchumba anaitwa Rogathe, wa Chome kule juu, uzuri wake sikuelezi usije ukasahau kunijibu. Wazee wake wakasema kabla hawajazungumza habari ya mahari watashuka waone mtoto wao atakaa nyumba ya namna gani, nami nikacheka, maana chumba changu mtu akikiona anavua viatu bila kuambiwa. Siku moja nilitumwa nyumbani kwa karani mkuu nikaona kila kiti kina stuli yake ubavuni ya kuwekea kikombe, na juu ya stuli kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa maua, nikajisemea Novatus, hiki ndicho kilichokuwa kimepungua katika maisha yako. Nikaenda kwa Yahaya, fundi seremala wa pale Same, nikamwambia nataka stuli tano, akaniuliza, "Viti unavyo vingapi?" nikamwambia fundi, wewe randa mbao, ya chumbani kwangu niachie mwenyewe. Akanitengenezea nne za mraba na moja ya duara, na hiyo ya duara ndiyo mfalme wao, miguu mitatu minene, uso ameuchimba kidogo katikati ili vikombe visiteleze, vanishi inang'aa mpaka unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu, mimi ndevu ninazo chache lakini nimejaribu.

Nikazipanga, mbili mlangoni kulia na kushoto kama askari wa gwaride, moja ya redio, moja ya maua ya plastiki, na ile ya duara katikati ya chumba peke yake na kitambaa cheupe juu. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita akachungulia akauliza, "Ndugu Novatus, umefungua hoteli?" nikamjibu, "Ndugu balozi, si mnasema wote tupate sawa? Kwangu kila mgeni ana stuli yake." Akaondoka anatikisa kichwa, wivu huo.

Siku ikafika, wakaja baba mkubwa wake Rogathe, Mzee Eliufoo, na shangazi yake, Bi Raheli, wameshuka mlima tangu alfajiri, kipande kwa miguu kipande kwa lori. Kuingia tu Bi Raheli akagonga goti kwenye stuli ya mlangoni, nikampa pole nikamkalisha kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye kile kingine kilicho karibu na redio ili niwafungulie taarifa ya habari, wageni wa mlimani wafurahi. Mzee akabaki anazungusha macho, akaiona ile ya duara, akasema, "Aa, asante mwanangu, umenikumbuka," halafu, Mama Koleta, akaikalia! Mzee mzima na koti lake la kanisani, juu ya kitambaa! Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, hapo si pa makalio, hapo ni pa kikombe."

Bi Raheli akaziba mdomo kwa khanga. Mzee akanyanyuka polepole, akasema, "Basi kikombe na kikae," akachukua fimbo yake akatoka, chai hakuigusa, na kitambaa changu kimenasa kwenye kifungo cha nyuma cha koti kinaning'inia kama mkia, sikuthubutu kumwambia jambo la pili siku hiyo hiyo. Kikaenda naye mpaka Chome.

Tangu hapo Rogathe kimya, hata salamu hazishuki. Juzi utingo wa lori akaniletea kile kitambaa, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri, pamoja na ujumbe wa Mzee: "Nitashuka tena baada ya mavuno, nikijua pa kukaa." Kukifua! Kwani kwangu kilikuwa kichafu? Na hayo maneno ni fumbo la Kipare au ndiyo nimekwisha kukataliwa? Nimwambie fundi azikate stuli miguu ziwe fupi mtu asiweze kuzikalia, au niweke maua juu ya kila moja? Nisaidie mama, mengine yote nafanya mzaha lakini kumkosa Rogathe siwezi, nikirudi kutoka kazini nazitazama stuli zangu tano, nazo zinanitazama mimi.

Novatus, Same

*

Marahaba, Novatus. Pole sana. Hiyo pole ni ya Bi Raheli na goti lake; yako itakuja nafasi ikibaki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikihesabu. Stuli tano, viti viwili. Na katika hivyo viwili kimoja umekikalia wewe, kijana mwenye magoti mazima, ili uwe karibu na redio, huku mzee aliyeshuka kutoka Chome amesimama katikati ya chumba kama fungu la mkonge linalosubiri kuhesabiwa. Wenzako wanataifisha mashamba, wewe umetaifisha chumba kizima ukazigawia stuli.

Mzee hakukosea. Mtu wa umri wake na wa mlima ule akikuta kitu cha duara, miguu mitatu, kimechimbwa katikati, kimewekwa peke yake mahali pa heshima na kutandikwa kitambaa, unataka adhani ni nini? Babu yake alikalia cha namna hiyo. Aliona nyumba haina viti, akadhani angalau yuko mtu aliyemfikiria. Akakushukuru! Nawe ukamjibu habari za makalio, mbele ya dada yake. Kwa adabu kabisa, unasema. Ukikosa adabu unakuwaje?

Wala hakuna fumbo. Anataka kiti. Umekisingizia Kipare bure, hayo ni maneno ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita angeyaelewa, kama angemsikiliza mwalimu.

Na hicho kitambaa unachokinunia, hebu kifikirie tena. Mtu aliyekwisha kukukataa angekifanya cha kufutia taa ya chemli. Huyu amepita njia nzima na mkia wako mgongoni, watu wanamwona, na bado kimerudi safi, na siku ya kuja ameitaja mwenyewe. Tena sidhani kama Mzee Eliufoo ndiye aliyeshika pasi. Nani mwingine kule Chome angepoteza mkaa wake kwa kitambaa chako? Kichwa kama hicho, na ndicho kinachohesabu mkonge wa taifa!

Sasa sikiliza. Stuli mbili za mlangoni zirudishe kwa fundi Yahaya, mwombe akubadilishie kwa viti, hata vya kamba, mradi viwe na migongo. Stuli haikai mlangoni kuvunja watu magoti. Inakaa ubavuni mwa kiti, na isiwe ndefu kuliko mkono wa kiti, ili aliyekaa achukue kikombe chake bila kukitafuta. Pasipo na kiti, hiyo si stuli, ni kisiki. Juu yake kitambaa kimoja kisichoning'inia, basi. Maua ya plastiki yape likizo, kikombe nacho kipate pa kutua. Redio ibaki na ya kwake, na wageni wakiingia izimwe. Hawakushuka mlima kuja kusikiliza taarifa ya habari. Miguu usikate. Ukiikata, hata watoto wa jirani watazikalia.

Ile ya duara si yako tena. Usingoje mavuno. Jumapili hii panda nayo Chome, na usimpe utingo. Lori likifika mwisho wake, njia iliyobaki ibebe kichwani, watu wakuone jasho linakutoka kama walivyoona mkia wa mzee. Ukifika usitoe hotuba, wala Kiingereza, hata kile cha kuaga. Sema shikamoo, iweke chini, mwambie, "Baba, nimekuletea kiti chako," kisha kaa chini kwenye vumbi. Asipoikalia, iache hapo urudi, utakuwa umejua jibu. Akiikalia, yuko mtu atakayetoka jikoni na chai. Utapewa kikombe cha moto na hutakuwa na pa kukiweka. Kishike hivyo hivyo, kikuunguze, mpaka kiishe.

Hapo utakuwa umejua stuli ni ya nini.

Mama Koleta