Murija wa Waya kwa Tumbo ya Pascal

Jumatatu, tarehe 7 octobre 2024
Pascal amerudi toka kazi yake na bakulima ya Luvungi, na tumbo kama ngoma. Bwana yangu, amekonda vile tangu Pasaka, na leo mukaba haumufungi! Wiki nzima hajaenda choo. Hata hewa haitoki. Akikula, inarudi juu. Anasema ni mihogo ya kule. Mihogo gani inaliza mutu muzima? Sijawahi kumuona analia.

Jumanne, tarehe 8
Hospitali. Wamemupitisha mupira kwa pua, maji ya kijani inatoka. Scanner imefanywa. Munganga Ezéchiel hakuzunguka: uvimbe kwa utumbo mukubwa, upande wa kushoto, umeziba njia. Kansa. Na madoa kwa ini.
Pascal aliuliza mwenyewe, ikifika kwa ini ni kusema haiponi? Munganga akasema watatibu, lakini kupona kabisa hawezi kuahidi. Kwanza njia ifunguke, kama sivyo utumbo utapasuka.
Mimi nilikuwa naangalia viatu vya munganga. Vilikuwa na matope.

Jumatano, tarehe 9
Iko njia mbili. Kupasua na kutosha utumbo inje ya tumbo, choo iingie mu poche, kile kifuko cha kubandika. Ama stent: murija wa waya, umefumwa kama wavu. Wanauingiza umekunjwa, kupitia nyuma, ukifika kwa uvimbe unafunguka wenyewe. Hakuna kisu. Atakula mapema, ataanza chimio, dawa ya kansa, mapema. Lakini unaweza kuteleza. Ama kutoboa utumbo. Neno hilo munganga alilirudilia, polepole.
Mélanie, dada ya Pascal, anataka wapasue. "Poche ni nini? Batu banaishi nayo."
"Na ni weye utakaa nayo mu mukutano ya bakulima, na jua ya Luvungi?" Pascal akamujibu. Kisha akanigeukia: "Mama Glody, weye unasema nini?"
Nilitaka kusema poche. Nikasema, ni tumbo yako, Papa Glody.
Akachagua murija. 

Alhamisi, tarehe 10
Hapa Bukavu murija hauko. Unatoka Kigali, na munganga mwenzake Ezéchiel mwenye atavuka mupaka wa Ruzizi kesho. Mvua hainyamazi. Wanasema udongo umeanguka kwa barabara ya Kigali, kule kwa pori. Pascal haruhusiwi kunywa — ninamulowanisha midomo na pamba. Ngozi ya tumbo inang'aa. Nilianza rozari, nikapotea katikati.

Ijumaa, tarehe 11
Umefika! Wakamuingiza mara moja. Mélanie anasali kwa luga ya Mashi karibu yangu. Munganga akatoka na jasho kwa shingo: umefunguka vizuri.
Jioni — hewa. Chumba kizima kimesikia. Kisha yote yenye ilikuwa imefungwa, mashuka na godoro pia. Nimefua nikicheka, nikilia. Pascal akasema, polepole: "Niko nasikia njaa."

Jumamosi, tarehe 12
Supu, kijiko kwa kijiko. Tumbo imelegea. Ameuliza kama Glody anasoma ama anacheza tu. Mélanie amerudi kwake Miti. Kila kitu kiko vizuri, na ninaogopa kukiamini. Akilala, ninaangalia shuka kama inapanda na kushuka.

Jumatatu, tarehe 14
Asubuhi alikuwa muzuri. Mbele ya saa sita ameshika chuma ya kitanda: "Kuko kitu imepasuka." Homa. Tumbo ngumu kama ubao. Munganga ameigusa kidogo tu, Pascal amepiga kelele. Radio, picha ya ndani ya tumbo, inaonyesha hewa kwenye haifai kuwa. Utumbo umetoboka.
Bloc, chumba ya kupasulia, sasa hivi. Watapasua, na poche wataweka.
"Bon, baweke," Pascal amesema. Halafu, kwangu: "Nilichagua mubaya?"
Nimesema hapana. Sijui. Labda uvimbe ungepasuka hata bila murija. Labda hapana. Na mimi sikusema poche siku ile.
Infirmière, muuguzi wa bloc, ameniambia nimuvue pete. Nikaomba sabuni, sababu tangu ndoa haijatoka kwa kidole yake. Sabuni haikuwa ya lazima. Imeteleza yenyewe, ikaanguka mu mukono yangu.
Wamefunga mulango. Mélanie anapiga simu toka Miti. Inalia mu kisakoshi yangu, inanyamaza, inalia tena. Hajajua kitu; tangu jana anataka kujua kama leo wamemupa fufu, ule ugali wa mihogo.