Kaka, Uchaguzi Umekwisha, Mama Bado Yupo

Kaka yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu namba yako haipatikani tena, na ya yule jirani yako Mrundi inaita tu bila kupokelewa. Huenda mtu wa kanisa lenu huko Amerika, kwenye hilo jimbo lenu la mashamba ya mahindi, akaisoma barua hii akakuonyesha. Wakisema naanika mambo ya familia, waseme. Nimechoka kuficha.

Unakumbuka siku gavana wa mkoa alipokuja Uvira? Baba alitupanga barabarani tangu asubuhi, wewe na shati la kitenge chenye sura ya gavana, mimi na gauni la kitambaa hichohicho. Jua lilituchoma hadi nikalia. Gari likapita mbio, vioo vimefungwa, nawe ukaendelea kupunga mkono kwenye vumbi. "Ametuona," ukaniambia. Nilikuamini, maana wewe ndiye mkubwa.

Ulitangulia kufika Johannesburg, ukatangulia kuitwa Amerika kwa nafasi za wakimbizi. Mama alikaa kwenye kitanda chako hapa La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, akanusa mto wako, nikamtania kwamba hata wewe mwenyewe hukuupenda mto ule. Alicheka huku analia. Tangu hapo kila Jumapili ulipiga simu, umetoka kwenye kiwanda chenu cha nyama, vidole vimekufa ganzi, naye swali lake lilikuwa moja tu: "Ulishakula?"

Ulipopata uraia ukawa hushikiki. Kila simu ni uchaguzi wa gavana. Mtu wenu, yule mgombea, alikuja kwenye ukumbi wa kanisa, akala sombe, kisamvu chetu, akaomba aongezwe. "Maman, huyu akipita anasaini tu, unakuja," ulisema. Kwetu saini ya gavana hufungua kila mlango, na miaka yote hiyo huko, ambako gavana hagawi viza, haikukutoa hilo kichwani. Mama akatangaza kanisani. Wamama wa La Rochelle wakafunga kula, wakamwombea mzungu ambaye hata jina lake liliwashinda kutamka.

Kisha ukaniagiza mashati, maana kwetu humshangilii mgombea bila kuvaa sura yake. Nilichapisha picha yake kwenye kitambaa cha kijani, nikashona hadi cherehani ikalalamika. Ulipoyapata ulipiga kelele za furaha kwenye simu: "Eish, mdogo wangu, yako sharp!" Mama alitaka lake pia. Nilimshonea.

Siku ya mkutano mkakaa safu ya mbele, kijani kitupu, mkaimba. Watu wa mpinzani wake wakapiga picha, wakaisambaza jimbo zima wakisema analeta jeshi lake la wageni. Mtu wenu akaulizwa redioni. Akajibu, "Hao watu siwafahamu." Alikuwa ameshika mkono wako, kaka. Alikuwa amekula sombe yenu. Na kuwakana kwenyewe hakukumsaidia, akaanguka vilevile, akapita yule aliyeapa kwamba wakimbizi wametosha.

Simu yako ya mwisho Mama aliisikia kwa spika. "Nilifikiri natoa heshima tu," ulisema. Ukasema kiwandani wanakupigia saluti na kucheka. Mama akakuuliza kama umekula. Ukakata.

Aibu yako naielewa, lakini nina hasira na wewe. Unadhani sisi huku tunaheshimiwa? Mama alipoanza kuvimba miguu nilimpeleka kliniki, tukakuta wanaume wamesimama getini wanadai kitambulisho cha nchi hii. Mmoja alikuwa na umri wako. "Gogo, rudini kwenu," alimwambia Mama, na hilo neno gogo, yaani bibi, alilitamka kwa adabu kabisa. Tulirudi nyumbani. Tulipopata daktari wa kumwona, figo zilikuwa zimeshachoka.

Amelala hapa karibu na cherehani yangu. Hali chakula tena. Kabla ulimi haujawa mzito alinishika mkono akasema, "Mwambie mimi sikutaka Amerika. Nilitaka kumwona." Nilimjibu kwamba nitakwambia. Sikujua nitakwambia kwa njia gani, ndiyo maana leo dunia nzima inasoma.

Hakuna anayekucheka hapa. Wamama waliofunga kula wanakuja kumgeuza na kumpaka mafuta, na wakiomba wanataja jina lako, si la yule mgombea. Papers za kuja huko sitaki. Tiketi sitaki. Sitaki hata unieleze ulikuwa wapi.

Namba yangu ni ileile. Hawezi kujibu tena, lakini nikitaja jina lako anafumbua macho na kutazama mlangoni, na mimi nimeacha kulitaja kwa sababu ya kule kutazama. Piga, kaka. Nitaweka simu sikioni kwake nitoke nje. Mwambie umekula.

Mdogo wako,
anayemshika Mama mkono.